Dawati la Watatu, Dawati la Mmoja

Karakana ya Samani,
Nyuma ya Posta,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Kwanza kaa chini. Barua hii imeandikwa na mtu ambaye wiki nzima mji huu umeshindwa kwenda bila yeye. Sijisifu, unanijua, kujisifu si tabia yangu. Lakini mwalimu mkuu alinifuata mwenyewe kwa miguu, wazazi wa shule nzima walikaa wakanisubiri mimi ndipo mkutano uanze, na kiti changu kimoja kipo ofisini kwa mkubwa fulani nisiyetaka kumtaja, na inasemekana tangu akikalie hataki kabisa kusikia habari za kustaafu. Katikati ya shughuli zote hizo nimejitahidi nikupatie nafasi. Ujue unapendwa.

Haya, hujambo lakini? Kifua kinaendeleaje? Uliniambia chumba cha kufulia kinachemka kama jiko na nje baridi inakata masikio. Ukitoka kazini jifunike kifuani, usijifanye kijana. Na mikono je, ile dawa ya kupaka uliipata? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri, anasikia kila asichotakiwa kukisikia na hasikii lolote analoambiwa. Wifi yako bado anasumbuliwa na goti, ila goti hilo halijawahi kumzuia kunifuata karakana kuja kunigombeza. Mimi mwenyewe afya yangu imewachosha madaktari, hawana la kunifanyia.

Ule ujumbe wako wa sauti niliupata. Ningeweza kukupigia, lakini wewe ukiwa kwenye simu hukawii kunikata maneno, na jambo hili linataka mtu aseme mpaka mwisho. Karatasi haikati mtu maneno.

Ulichoniuliza nimekielewa. Binti yako alikuambia kwamba huko uliko unanyonywa. Wewe ndiyo kwanza umetoka kukunja mashuka ya hoteli nzima, vidole vimevimba kwa sabuni, na mtoto unayemsomesha kwa vidole hivyohivyo anakuambia unanyonywa. Ukaona amekudharau. Ukakata simu, ukalia. Sasa unauliza chuo kile kinamfundisha nini, na kama umtoe umpeleke kwenye ukatibu, akajifunze kupiga chapa na kushika adabu. Ukasema nitakalosema mimi ndilo utakalolifuata. Kwa kweli umeuliza mahali penyewe. Ila nisome taratibu, usiruke mistari.

Mwanao alipokuja likizo nilimkuta amebadilika, siwezi kukuficha. Mhadhiri wake mmoja huwa anawakalisha mduara, anaweka kitu katikati, kijiko au kiatu, halafu anauliza nani alikitengeneza, nani anakimiliki, na kwa nini si mtu yuleyule. Basi akaja na ugonjwa huo nyumbani. Sahani, nani aliitengeneza? Shati, nani alilishona? Siku ya kwanza mama alimjibu, "Nimekitengeneza mimi, kula." Alidhani anaulizwa habari za chakula.

Na mwanangu unamjua. Yeye anasoma biashara jioni, pale ghorofani juu ya duka la dawa. Mwalimu wake anavaa tai hata jua likiwaka vipi, na amewafundisha kwamba kila mtu ni kampuni. Siku aliyokuja na habari hiyo nilimuuliza, "Na mama yako je, yeye ni tawi?" Nilicheka peke yangu. Wifi yako alinitazama tu, chakula cha jioni kikachelewa.

Mafundi wangu hawakukawia. Mwanao wakambatiza Komredi, mwanangu wakamwita Mkurugenzi. Kazi ikawa haiendi, kila saa watu wameweka chini misumeno wanasikiliza mabishano.

Moto wenyewe uliwashwa na gundi. Unakumbuka utaratibu wa karakana yetu: kila fundi ana vifaa vyake, randa ya mtu haiguswi hata kwa bahati mbaya, lakini gundi ni ya wote. Chungu ni kimoja, kipo jikoni mwa karakana, na anayeimaliza ndiye anayechemsha nyingine. Sasa Mkurugenzi akasema utaratibu huo ni wa kizamani, kila mtu awe na kopo lake, mvivu akikaukiwa ni juu yake. Komredi akasema kama gundi inaweza kuwa ya wote, kwa nini randa zisitundikwe ukutani, anayehitaji achukue? Yule mzee wangu wa kupiga randa, tunayemwita Babu Maranda, akaikumbatia randa yake kifuani.

"Komredi, hii na mke wangu, usinigusie."

"Babu, mkeo ana habari kwamba umemweka safu moja na randa?" fundi mmoja akamuuliza.

"Randa ndiyo ilitangulia."

Tulicheka mpaka vumbi la mbao likatuingia kooni. Lakini hao wawili hawakucheka. Walikuwa wametazamana kama watu waliogombea shamba. Kuanzia siku hiyo hawakusemeshana. Binamu wa damu moja, wanakula meza moja, mmoja akitaka chumvi anamwambia bibi yake amwombee.

Hapo ndipo mwalimu mkuu akaja. Shule yake inataka madawati mapya ya darasa la watoto wadogo, na wazazi ndio wanaochangia, kwa hiyo wazazi wachague aina: dawati refu la watoto watatu, au dawati la mtoto mmoja mmoja. Akaniomba nitengeneze moja la kila aina, yawekwe darasani, watu wayaone na kuyakalia kabla ya kupiga kura. Alinifuata mimi, ingawa mafundi mjini wapo wengi.

Sasa mdogo wangu, mimi nikapata wazo ambalo nadhani maprofesa bado wanalitafuta. Nikapanda juu ya gogo nikawahutubia mafundi wote. Nikasema siasa ya mtu haiingilii kichwani, inaingilia makalioni. Mtoto aliyekaa dawati la watatu, kitabu kimoja, wino mmoja, anatoka pale mjamaa. Aliyekaa peke yake na mfuniko wake anatoka mtu wa changu ni changu. Serikali haina haja ya hotuba wala magazeti, ituulize sisi maseremala. Watu wakapiga makofi. Babu Maranda akasema niandike kitabu.

Mwanao akainua mkono, kama yuko darasani.

"Mjomba, umesahau nilisoma wapi?"

Nilikuwa nimesahau kweli. Wewe ndiye uliyemlipia ile shule yenye geti, ambako kila mtoto alikuwa na dawati lake na kufuli lake. Komredi wetu ndiye aliyekaa peke yake tangu darasa la kwanza! Na Mkurugenzi, kampuni nzima, alisoma hii shule ya mtaani, akabanwa katikati ya wenzake wawili mpaka anamaliza.

"Baba," akasema yule wangu, "kuandika neno moja ilibidi niombe ruhusa ya viwiko viwili. Wa kulia anasoma haraka, anafunua ukurasa. Wa kushoto bado anasoma, anaurudisha. Mimi sijawahi kumaliza ukurasa wowote kwa wakati wangu. Sasa mtu akiniambia raha ya kuwa pamoja, namwangalia tu."

Nikashuka kwenye gogo. Nikasema ndivyo hasa nilivyokuwa nataka kusema, ila kwa kinyume.

Nikaamua washindane kwa kazi badala ya maneno. Mkurugenzi akapewa dawati la mmoja, Komredi la watatu, mafundi wachague wa kumsaidia. Mkurugenzi hakutaka msaada wowote. Alijifungia kona ya nyuma, akapima peke yake, akakata peke yake, akabana brashi ya gundi kwa meno kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha. Dawati likatoka zuri, mfuniko unafunga kimya kabisa, ila mguu mmoja unaelea. Akakunja kipande cha karatasi akaweka chini yake, akatuambia sakafu ndiyo mbovu.

Upande wa Komredi ulikuwa kama soko. Hakuna mkubwa, kila kipimo kinajadiliwa. Urefu wa dawati ulijadiliwa asubuhi yote, mwishowe wakakubaliana kwa kauli moja: watatu kati yao wakae kwenye ubao, wapigwe alama pale wanapoishia, wote waridhike, asibanwe mtu. Na waliokaa walikuwa nani? Babu Maranda na wenzake wawili wenye vitambi. Hakuna aliyekumbuka kwamba wanaokwenda kukalia ni watoto. Mimi niliona, lakini nilinyamaza kwa makusudi, ili wajifunze. Wifi yako anasema sikuona. Muache aseme.

Siku ya mkutano tukafika shuleni na mkokoteni, dawati la watatu likakataa kupita mlangoni. Tulijaribu kulisimamisha, tukalilaza, tukalipindua. Ndani wazazi wamekaa wanatutazama kama watu wanaoingiza ng'ombe. Ikabidi lipite dirishani. Mafundi wangu wengine walikuwa wamebaki karakana, mimi mgongo wangu ni wa kusimamia, kwa hiyo waliobaki wa kubeba ni hao hao wawili wasiosemeshana. Mwanangu ndani, mwanao nje, dawati katikati limekaa kwenye kizingiti cha dirisha kama mgonjwa.

"Vuta!"

"Sema tafadhali."

"Mkurugenzi, mikono inanikatika, vuta!"

"Mlilipima kwa matumbo ya nani hili?"

"Kwa kura. Vuta!"

"Ndiyo maana. Haya inua upande wako. Sio hapo, hapo utajiponda kidole. Hapo. Moja, mbili..."

Likaingia. Na mwanao akaingia dirishani nyuma yake, sketi imejaa vumbi, mwanangu akampa mkono akamshusha. Nakuambia, ningekuwa na wewe pale ungeona kitu.

Mkutano ulikuwa mkali. Mama mmoja fundi cherehani alisema mwanawe hukaa pembeni kwenye dawati la zamani na kila jioni yeye mama anamshonea shati lilelile begani, limechanika kwa kusukumwa. Dereva mmoja akajibu kwamba wake hajui kusoma vizuri, anasaidiwa na jirani yake, ukimweka peke yake umemzika. Mimi nilitoa hotuba ambayo mpaka leo inazungumzwa. Kisha wakaombwa vijana waliotengeneza waseme.

Mwanangu alisema vizuri, kwa ufupi, kama tangazo. Alisema yeye mkimwita mbinafsi mmeshamhukumu kabla hajafungua kinywa. Hataki kumnyima mtu kitu, anataka kila mtoto apate sentimita zake ambazo hakuna wa kumsukuma, halafu akiwa na chake ndipo atajua kugawa, kwa sababu huwezi kugawa usichowahi kukishika.

Mwanao hakuanza na vitabu, kama nilivyoogopa. Alisema: nilikuwa na dawati zuri, mama yangu alilifanyia kazi mbali sana, anafua mashuka ya watu asiowajua ili mimi nifungue mfuniko wangu kwa ufunguo wangu. Nilikuwa nafunika daftari kwa mkono nikiandika, asije mtu akaona. Siku moja nikagundua hakuna mtu, meza ya jirani iko mbali, namficha nani? Nilikuwa nashika nafasi ya kwanza na sikujua aliyeshika ya mwisho anakaa upande gani. Chuoni ndiko nilikojua kwamba hali hiyo ina jina, na kwamba watu wamebishana juu yake kabla yangu.

Akakaa. Yule mama wa cherehani alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa nguo aliyokuja akiishona.

Mdogo wangu, naomba hapa usinielewe vibaya. Hakukulaumu. Nilimuuliza baadaye tukirudisha mkokoteni, nikamwambia mama yako amelia kwa ajili ya lile neno. Akasimama njiani, watu wanatupita. Akasema, "Mjomba, nilikuwa nawasema wao, mabosi wake, si yeye. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake, nikaisema kama vile namkosoa." Anasema amejaribu kukupigia ukawa hupokei. Pokea.

Usiku nikimweleza wifi yako hayo yote, akasema kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshakifikiria siku nyingi, ila yeye aliwahi kukitamka. Alisema vyuo havikuwapandia watoto hawa kitu kigeni. Wetu alikulia nyumba yenye watu kumi, shati lake likivaliwa na binamu kabla hajalivaa yeye, kwa hiyo akatamani mlango wa kufunga. Wako alikulia nyuma ya mlango uliofungwa, kwenye ile shule ya geti, wewe uko mbali, akatamani watu. Kila mmoja amekwenda shule akaokota maneno ya kile alichokikosa. Mwalimu mwenye tai na mhadhiri wa mduara wote wanadhani wamewafundisha.

Nimelizungusha jambo hilo kichwani siku kadhaa nikipiga msasa. Sidhani ni hivyo tu. Maana sisi je, mimi na wewe? Tulisoma tumekaa sakafuni, mwalimu yuko juu. Mimi niliacha darasa la sita, kwa kuwa walimu walikuwa wamekwishanifundisha yote waliyokuwa nayo, lakini hata hivyo, nilichotoka nacho pale ni nini? Shingo ya kutazama juu. Akija mtu mwenye kalamu mfukoni nasema ndiyo mzee kabla hajaniuliza. Wewe huko, msimamizi akikuongezea zamu, unasema nini? Unasema sawa. Hakuna aliyetufundisha kusema sawa, ila tulikaa pale miaka na miaka tukizoea. Hawa wawili wanabishana mpaka mishipa ya shingo inatoka, na sitaki kukudanganya, wakati mwingine wananichosha. Lakini hakuna hata mmoja wao anayetazama juu. Mwanao anamtazama mtu usawa wa macho na kumuuliza nani alikitengeneza. Hilo ukatibu haumfundishi. Hilo ukimtoa sasa, katikati, litabaki hasira tupu, maana ameshapata swali na bado hajafika kwenye majibu. Anaweza akafika akaona mhadhiri wake alikosea. Anaweza akafika akaona mwenye tai ndiye alikosea. Muache afike.

Basi jibu langu ndilo hilo: usimtoe.

Madawati ya watatu ndiyo yaliyoshinda, na si kwa ujamaa wala kwa hotuba, bali kwa sababu yanakula mbao chache. Komredi alichukia ushindi wake, anasema wamechagua sawasawa kwa sababu mbaya. Tangu juzi yuko na Mkurugenzi kwenye benchi la nyuma wanachora upya: dawati la watatu, la vipimo vya watoto safari hii, lakini ndani lina visanduku vitatu, kila mtoto chake. Wamekubaliana mpaka kwenye mifuniko. Kwenye kufuli wamekwama. Mmoja anataka kila kisanduku kiwe na kufuli, mwingine anasema atakayeweka kufuli amkate kwanza mikono yake. Nimewaacha. Gundi inachemka, wanaitumia wote.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Wifi yako anakusalimu na anashukuru kwa kile kitambaa. Babu Maranda anakuulizia kila siku, na randa yake nayo haijambo. Mkurugenzi anasema shangazi yake atulie, binamu yake hajaharibika, ana kelele tu. Mwenyewe Komredi hataki nimtumie salamu, anataka azitoe kwa mdomo wake.

Na kwa kuwa atakapokupigia hataacha kukusimulia, ni afadhali ulisikie kwangu kwanza. Mwalimu mkuu alipohesabu kura, mikono ilizidi vichwa. Akahesabu tena, ikazidi tena. Watu wakaanza kutazamana, nani anaiba kura ya madawati. Mwanao akawa ananitazama mimi, amejifunika mdomo kwa kiganja. Mdogo wangu, waliposema wanaotaka la watatu wanyooshe, nilinyoosha, kwa sababu mwanao alikuwa amesema kweli. Waliposema la mmoja, nikanyoosha tena, kwa sababu mwanangu naye alikuwa amesema kweli. Nimetoa hotuba ya kuwaamulia watu wote, na mimi mwenyewe sijui niko upande gani.

Mungu akulindie mikono yako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Fundi Mkuu.